Adhana Iliyotangulia Jua

Wametusimulia walimu wetu, nao walisimuliwa na waliowatangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba hapo kale palikuwa na mja mwema aliyeitwa Shaddad bin Numair, mwadhini wa mji mmoja mdogo ukingoni mwa jangwa. Mji huo ulizungushiwa ukuta mrefu kwa kuwaogopa wanyang'anyi, na ukuta huo una sehemu yake katika kisa hiki, kwa sababu mtu aliyekaa uani kwake hakuweza kuliona jua linapozama. Aliona ukuta tu. Aliyeliona jua ni Shaddad peke yake, kwa kuwa yeye alisimama juu ya mnara. Basi kila Ramadhani watu wote wa mji, kuanzia kadhi hadi mchunga ngamia, walikaa na maji mbele yao wakingoja sauti ya mtu mmoja.

Sauti hiyo hawakuwahi kuitilia shaka. Shaddad alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Jua likishazama, yeye hutazama tena, akahakikisha, ndipo akaweka mikono masikioni. Watu walimtania sana kwa hilo. Walisema kwamba siku Shaddad akifunguliwa mlango wa Pepo, ataomba kwanza asimame nje kidogo ahakikishe kama kweli umefunguliwa. Yeye alicheka nao, na kesho yake akafanya vilevile.

Ikatokea mwaka mmoja Ramadhani ikaangukia kiangazi kikali. Siku moja katika kumi la mwisho, upepo wa jangwani ulianza kuvuma tangu adhuhuri, ukaleta vumbi lililoziba anga lote. Malango ya mji yakafungwa, na waliokuwa nje wakakimbilia ndani. Shaddad alipopanda mnarani jioni hiyo, alijifunika uso kwa kilemba akatazama magharibi, asione kitu ila wekundu wa vumbi. Jua halikuonekana lilipo. Akafanya kama kawaida yake, akangoja.

Lakini huku chini, uani mwa msikiti, watu walikuwa wamekauka. Na mtu mwenye kiu mnamjua, hana masikio ya kusikiliza hoja. Wakaanza kunong'ona, kisha wakaanza kusema. Haritha, msimamizi wa soko, aliyekuwa rafiki wa Shaddad tangu utotoni, akapaza sauti: "Ewe Shaddad! Umelala huko juu? Jua limeshazama, bwana, sisi tunakufa huku!"

Mwingine akadakia: "Mwacheni, anangoja jua limuage kwa jina lake."

Ua mzima ukaangua kicheko. Na Shaddad, ambaye alikuwa amezoea kutaniwa miaka yote hiyo, siku hiyo aliona haya. Yeye mwenyewe alikuwa na kiu, kichwa kinamwuma kwa vumbi, na kicheko kile kilimchoma. Akajisemea kwamba pengine wanasema kweli. Akaweka mikono masikioni, akaadhini.

Alipolitamka neno la mwisho, upepo ukageuka. Vumbi la magharibi likaachana, na katika uwazi huo Shaddad akaliona jua. Lilikuwa zima. Halijagusa hata ardhi.

Akainama kutazama chini, na huko chini hakuna aliyejua lolote, kwa kuwa wao mbele yao palikuwa na ukuta. Kata za maji zilikuwa zikipita mkono kwa mkono. Haritha alikuwa ameinua uso akinywa kwa pupa, maji yakimtiririka ndevuni. Shaddad akafungua mdomo ili awaambie waache. Hapo hapo akakifikiria kicheko kitakachofuata, na baada ya kicheko lawama, na baada ya lawama jina lake litakavyotajwa sokoni. Sauti haikutoka. Akabaki amesimama akilitazama jua mpaka lilipozama kweli, kisha akateremka. Ilipokimiwa swala, wakati ulikuwa umeshaingia, hivyo swala yao ya Magharibi ilikuwa salama. Lakini saumu ya mji mzima ilikuwa imefunguliwa kabla ya wakati wake, na anayelijua hilo ni mtu mmoja.

Siku zilizofuata Shaddad alijihoji mwenyewe, na mtu anayejihoji mwenyewe hupata mawakili wengi. Alijiambia kwamba wale watu wamekula bila kujua, na asiyejua hana dhambi. Hilo ni kweli. Alijiambia tena kwamba Mola ni Mwingi wa kusamehe. Hilo nalo ni kweli. Lakini kila alipokaa kufuturu alikisukuma chakula pembeni.

Mwishowe alimwendea Haritha dukani kwake, akamweleza yote. Haritha alisikiliza, uso ukamshuka kidogo, maana alikumbuka ni nani aliyeanza kupiga kelele siku ile. Kisha akasema:

"Sikiliza, ndugu yangu. Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Basi na liishie hapa. Iddi imefika mlangoni. Watu wamefunga kwa taabu, wamefurahi, wameshona nguo. Unataka kuwatia simanzi kwa jambo ambalo halina dhambi juu yao? Na wewe mwenyewe watakuondoa kwenye mnara, ujue. Busara, Shaddad. Busara."

Shaddad akarudi nyumbani ameshika neno hilo, lakini halikumkaa. Mkewe, Bibi Rufaida, alikuwa akisaga unga wa mikate ya Iddi. Alikuwa amemwona mumewe hali wala halali vizuri, na alikuwa amenyamaza akingoja aambiwe. Siku hiyo Shaddad aliketi karibu na jiwe la kusagia, akamwambia.

Rufaida akaacha kusaga.

"Siku ile na mimi nilifungua kwa adhana yako."

"Ndiyo, mke wangu."

"Basi nina siku moja ya kulipa. Umeniambia, nimejua, nitailipa. Haina shida." Akapangusa unga mikononi. "Na hao wengine watalipaje, baba, nao hawajui?"

Rufaida hakumsukuma zaidi. Alirudi kwenye jiwe lake akaendelea kusaga, na Shaddad akabaki pale pale na swali lake.

Mwezi ukaandama, Iddi ikaingia. Asubuhi watu walitoka malangoni wakileta takbiri, wake kwa waume, wazee na watoto, wakaenda kwenye uwanja wa nje ya mji walipozoea kuswalia Iddi. Kadhi Mundhir akawaswalisha, akatoa hotuba yake, kisha watu wakainuka wakaanza kukumbatiana na kuombeana dua kwamba Mwenyezi Mungu azikubali saumu zao. Kila aliyemfikia Shaddad alimwambia vivyo hivyo: "Mola atutakabalie, Shaddad." Naye akaitikia, na kila alipoitikia alihisi anasema uongo.

Katika waliomjia alikuwamo Bibi Ghuzaila, ajuza aliyeishi ubavuni mwa msikiti. Bibi huyu alikuwa mgonjwa wa miaka. Ramadhani nyingi zilimpita akifunga siku mbili akishindwa ya tatu, akalia. Siku hiyo alikuja akiegemea fimbo yake, uso umemkunjuka.

"Mwanangu Shaddad," alisema, "leo nina furaha, sijui nikuelezeje. Mwaka huu nimezifunga zote. Zote, haikunipita hata moja. Nilikuwa nalala karibu na dirisha nikiingoja sauti yako, nasema, vumilia Ghuzaila, sasa hivi ataadhini. Sasa hata Mola akinichukua kesho, nakwenda nimezikamilisha. Sema amina, mwanangu."

Shaddad akafungua mdomo aseme amina, asiweze. Alimtazama yule ajuza, na akajiona kuwa ni yeye aliyemnyang'anya kitu alichokuwa akikililia miaka yote, kisha akamwacha akifurahie kana kwamba bado anacho. Machozi yakamtoka. Akamwacha Bibi Ghuzaila amesimama na dua yake, akapasua katikati ya watu mpaka pale kadhi alipohutubia, akapaza ile sauti yake ya mnarani:

"Enyi Waislamu!"

Watu wakageuka. Swala ya Iddi haina adhana, na kuisikia sauti ya mwadhini wakati kama ule kuliwashtua watu. Shaddad akawaeleza. Hakuzunguka wala hakumtaja Haritha. Alisema kwamba siku ya vumbi aliadhini jua halijazama, kwamba aliliona kwa macho yake mara baada ya adhana, na kwamba alinyamaza.

Zikalipuka kelele. Mmoja akasema, "Siku zote hizi ulikuwa unatutazama tu?" Mwingine akasema ashushwe mnarani leo hii. Mwingine akauliza, "Kwa nini hukusema pale pale, tukatema yaliyomo midomoni?"

"Niliwaonea haya," alisema Shaddad. "Sina udhuru mwingine."

Haritha alikuwa miongoni mwao, ameinamisha kichwa. Kisha akajikokota mbele akasema kwamba aliyemharakisha mwadhini ni yeye, na aliyemshauri anyamaze ni yeye pia. Kelele zikapungua kidogo, maana wengi walikumbuka kwamba na wao siku ile walicheka.

Bibi Ghuzaila akasogea taratibu, watu wakimpisha. Akasimama mbele ya Shaddad. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Ningekufa na siku hiyo shingoni mwangu," alisema, "nawe unajua."

Na inasemekana kwamba katika yote aliyoambiwa Shaddad siku hiyo, na aliambiwa mengi, hakuna lililomuumiza kama hilo.

Kadhi Mundhir ndipo alipoinua mkono. Akawaambia watu kwamba aliyekula akidhani jua limezama hana dhambi, wala asihuzunike, lakini kwa kauli ya wanavyuoni wengi siku hiyo inalipwa. Leo ni Iddi, na kufunga leo ni haramu, kwa hiyo waende wakale na wafurahi kama Mola alivyowaamrisha. Wakakubaliana kwamba Alhamisi ifuatayo watailipa siku hiyo mji mzima kwa pamoja, ili asiwepo wa kusahau. Shaddad mwenyewe akaomba aondolewe kwenye mnara, na kadhi akamkubalia. Akawekwa mtu mwingine, mwenye sauti nzuri na macho mazima, wala hana ila yoyote.

Ikafika Alhamisi. Mji mzima ukafunga. Alasiri Shaddad alikwenda msikitini akakaa nyuma kabisa, karibu na mahali pa kutawadhia, kwa kuwa hakutaka kuonwa. Bibi Ghuzaila naye aliletwa na jirani zake, akakalishwa uani upande wa wanawake. Siku hiyo haikuwa na wingu wala vumbi. Mwadhini mpya akapanda, akangoja, na jua lilipozama akaadhini vizuri kabisa.

Shaddad akainamisha kichwa kusoma dua ya kufuturia. Alipomaliza, akaona jambo la ajabu. Watu walikuwa wameshika kata zao za maji mikononi, na hakuna aliyekuwa akinywa. Haritha alikuwa ameshika yake, amegeuza shingo nyuma kumtazama yeye. Kadhi vilevile. Ndipo ikasikika kutoka upande wa wanawake sauti ya Bibi Ghuzaila, nyembamba na yenye kutetemeka:

"Hebu nitazamieni. Shaddad keshakunywa?"

Akaambiwa, "Bado, bibi."

"Basi na mimi bado," alisema.

Shaddad akatazama juu mnarani, akatazama anga, na kwa desturi yake ya zamani akatazama mara ya pili. Kisha akanywa. Na mji wote ukanywa.

Ndugu yangu msomaji, usidhani kwamba kuona haya ni kitu kibaya. Haya ni katika imani. Lakini tazama yaliyompata Shaddad: kuwaonea haya watu ndiko kulikomharakisha kuadhini, na kuwaonea haya watu ndiko kulikomfunga mdomo baada ya kuadhini, na mara zote mbili Aliyestahiki zaidi kuonewa haya alikuwa akimwona. Haya ya namna hiyo tunayo sote. Wengi wetu tunaiita busara, na tunakwenda nayo Iddi hadi Iddi tukikumbatiana na wale tuliowaficha haki yao. Ewe Mola wetu, tujaalie tukuonee haya Wewe kwanza, na utakabali kwetu kile kidogo tulichokileta, pamoja na upungufu wake. Amin.