Mwizi wa Bwawa la Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa wakipika na kufunika vyungu kama sisi, kiangazi kilikausha mito yote. Likabaki bwawa moja tu, na humo alijilaza Kiboko.

"Maji haya ni yangu!" alinguruma. Njiani akamweka shemeji yake Kifaru, mwenye pembe kubwa na akili ya kuazima, asipite mtu.

Kwenye mawe ya hapo jirani aliishi Bi Pimbi, kimo cha sungura, na mapacha wake wawili. Siku ya tatu bila maji, mapacha waliacha kulia. Hapo ndipo Bi Pimbi alipoogopa hasa, maana mtoto anayelia bado ana nguvu.

Akateremka mbio, pu pu pu, hadi kwa Kifaru.

"Hodi! Nimekuja kumpa pole Bwana Kiboko. Anaibiwa."

"Anaibiwa na nani, nami nipo hapa?" Kifaru akafoka.

Kiboko akatoa kichwa majini, puuuh! "Nani anaibiwa?"

"Wewe, bwana mkubwa. Juzi maji yaligusa shina la mti ule. Leo je?"

Kiboko akatazama. Kati ya mti na maji palikuwa na hatua nne za matope yaliyopasuka. "Lo! Kifaru, ulilala?"

"Haki ya Mungu sikulala, shemeji!"

"Usimwonee," akasema Bi Pimbi. "Mwizi huyu haji kwa miguu. Ni Jua. Sisi pimbi huliota kila asubuhi, tabia zake tunazijua. Ukifunua chungu kinachochemka, chini ya kifuniko unaona nini?"

"Matone."

"Moto umeyapandisha. Na Jua ni moto, bwawa lako ni chungu kisicho na kifuniko. Maji yanapaa, fyuuu, wala huoni."

Kiboko akatetemeka hadi bwawa likacheza. "Nitakaukia matopeni kama kambare! Nifanye nini, Bi Pimbi?"

Bi Pimbi akajikuna sikio, taratibu. "Yafiche. Jua haliingii tumboni. Ila tumbo lako limeshajaa, masikini..."

"Matumbo ya wengine!" Kiboko akadakia, akajiona hakuna mwerevu kama yeye. "Kifaru! Waite wote waje kunifichia maji. Asiyetaka kunywa, mpige pembe!"

Basi ikawa kazi! Swala, ngiri, nyani, hata kobe aliyefika wa mwisho, wote wakaamriwa kunywa. Glu glu glu! Bi Pimbi akawanywesha mapacha. Wa kwanza akapiga chafya, wa pili akaangua kilio, na mama yao akacheka huku machozi yakimtoka.

Kila siku wakaja "kuficha". Siku ya kumi Kifaru akaja mbio, anahema.

"Shemeji! Hawa wafichaji wanakojoa njia nzima!"

"Pimbi!" Kiboko akatoka majini, tope likiruka huku na huku. "Umenichezea! Nataka maji yangu!"

Bi Pimbi alikuwa ameshapanda juu ya jiwe, na kutoka huko aliona kitu ambacho Kiboko hakukiona. "Yako njiani, bwana. Ya mkojo, ya jasho, na yale yaliyoibwa, Jua liliyapandisha yote. Geuka nyuma."

Nyuma ya mlima wingu lilikuwa jeusi tii. Ngurumo, gudugudu! Tone moja likamdondokea Kiboko puani, ta! Kisha mvua ikamwagika, na kabla haijakatika maji yaligusa tena shina la mti.

"Yamerudi," akasema Kiboko, kinywa wazi. "Ni yale yale?"

"Yale yale. Babu yako aliyaogelea, babu yangu akayanywa."

Kiboko akarudi majini, mvua ikimpiga mgongoni. Kisha akaita, "Shemeji, toka hapo njiani. Waache wapite, nawe njoo uoge."

Basi, wanangu, maji hayana mwenyewe, yana zamu. Hadithi yangu nimeiacha pale bwawani, mwenye kiu akanywe.