Shimo la Saba na Mkorosho wa Bi Mbeyu

Hapo zamani, wala si zamani ya kutiwa chumvi, palikuwa na uwanja wa gofu kando ya bahari, mahali paitwapo Kidundu. Ulikuwa na mashimo tisa. Manane yalikuwa mashimo tu. La saba lilikuwa habari nyingine.

Wenye uwanja walinunua ardhi. Ardhi, nasema, si miti. Pwani ile shamba huweza kuwa la huyu na mti uliomo ukawa wa yule, na wote wawili wakalala usingizi. Basi katikati ya njia ya shimo la saba ulisimama mkorosho wa Bi Mbeyu, uliopandwa na marehemu mamake.

Akaja mchoraji wa viwanja, Zubeda binti Athumani. Akachora njia iliyonyooka kama rula, akataka mti ukatwe. Bi Mbeyu akakataa. Wakamwahidi mikorosho kumi kwingine, akakataa. Akaja kapteni wa klabu mwenyewe, Mzee Chengo. Akapewa uji, akanywa, akakataliwa.

Zubeda akanuna siku mbili. Siku ya tatu akaipinda njia. Anayejiamini aurushe mpira juu ya mti; mwoga azunguke.

Zikaja nyasi za kununuliwa, zimepakiwa kwenye lori. Zikala chumvi, zikafa. Zikaja nyingine, zikafa. Kaingu, mtunza nyasi, hakumuuliza mtu. Alishuka ufukweni, akang'oa ukoka uliozoea chumvi, akaupanda kwa mkono miezi mitano, magoti chini. Mpira ukawa unateleza kama tone la maji juu ya jani la gimbi.

Ndipo akaja jaji, Bwana Tindwa, kupima viwanja vya pwani, umbo lake na raha yake. Mashimo sita aliyaandikia mstari mmoja mmoja. La saba alilicheza mara nne. Mara ya kwanza mpira uligonga shina ukamrudia miguuni. Akacheka mpaka akakaa chini. Mara ya nne ukapita juu ya mti, na chakula chake kilikuwa kimepoa zamani. Akaandika kwamba pwani nzima hakuna shimo kama lile. Akatoa jiwe la kuchongwa jina la aliyelifanya shimo lile liwe hivyo. Jiwe dogo, jina moja. Na mwenye jina ndiye atakayeulizwa kabla kitu chochote pale hakijaguswa.

Bi Mbeyu aliposikia hilo akasimama. Hakuwa na mtoto. Akifa, mti ule hauna wa kuusemea.

"Raha ya jaji ilitoka kwenye shina langu," akasema. "Wewe Zubeda, mwanangu, ulikuja hapa na msumeno."

"Nilikuja nao, mama, sikatai," Zubeda akajibu. "Lakini mti wako umesimama miaka sitini, na hakuna aliyeucheza. Aliyeuona mchezo ndani yake ni mimi."

Kaingu akajifuta mikono. "Mti upo, mchoro upo. Bila ukoka wangu jaji angepiga mpira kwenye vumbi. Nionyesheni nani amecheka kwenye vumbi."

Mzee Chengo akapendekeza wayaandike majina yote matatu. Fundi wa mawe akalipima jiwe kwa shubiri, akamwuliza kama anataka jiwe au orodha ya harusi. Watu wakacheka, hata Bi Mbeyu. Lakini hakukaa.

Basi mimi nimemaliza yangu. Usinijibu kwamba wote wanastahili. Hilo ni jibu la mtu anayeogopa majirani. Aliyeukatalia msumeno, aliyepinda njia, au aliyepiga magoti? Fundi ameshika patasi, anauliza aanze na herufi gani. Je, nani alistahili?