Siku Tumbili Walipotaka Kuutemea Mkuyu

Paukwa!

— Pakawa!

Kaimati?

— Ziko siniani!

Shira?

— Inachuruzika!

Na mate?

— Yanatutoka!

Mezeni mate yenu basi, mnisikilize. Na wewe Hamida, uliyejifunga kanga kichwani na uso umeukunja hivyo, sogea karibu. Ngano ya leo ni yako, ila usimwambie mtu.

Hapo zamani, zamani sana, kabla kunguru hajajua kuzungukazunguka majiko ya watu, palikuwa na msitu. Kando ya msitu palikuwa na nyumba ya Bi Arafa, mkaanga kaimati. Fundi huyo! Akitia shira, watu wa vijiji viwili vya mbali walikuwa wanajua. Kaimati za jana, na zile zilizoungua, alizitia katika debe nyuma ya jiko, akalifunika kwa kifuniko kizito, ili asubuhi awape kuku wake.

Sasa, katika msitu ule waliishi tumbili, ukoo mzima. Mmoja wao aliitwa Somoe. Somoe alikuwa na mtoto mchanga wa kubeba kifuani, na alikuwa na shoga yake, Kunguru.

Ushoga wao ulikuwa wa kazi. Kunguru alikaa juu ya paa akichungulia. Bi Arafa akitokeza tu, "Kra!" Na Somoe, mwenye mikono, alifunua debe. Kunguru ana mdomo, ana mabawa, ana maneno mengi. Mikono hana. Hilo lishikeni, msije mkaniuliza baadaye.

Basi asubuhi kaimati. Mchana kaimati. Jioni kaimati. Wenzake wakila makuyu na majani machanga, Somoe anabinua midomo.

"Hivyo ndivyo mnavyokula nyinyi? Mie siwezi. Hayana hata shira!"

Alikuwa na wifi yake, mke wa kaka yake, akiitwa Kibibi. Kibibi alikuwa na ulimi mkali, lakini roho yake ilikuwa safi.

"Wifi yangu," Kibibi alimwambia, "unanuka mafuta mpaka chui atakujua ukiwa bado kwa Bi Arafa."

"Wivu huo, wifi."

"Wivu wa nini? Wa tumbo hilo?"

Haya. Siku moja chui akaja kweli. Tumbili wote juu! Somoe akamkumbatia mwanawe, akaruka tawi la kwanza. Akaruka tawi la pili. La tatu, pumzi zikamwishia. Akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja, mwana analia, na chui yuko chini anajiramba midomo bila haraka.

Kibibi ndiye aliyerudi. Alimshika wifi yake mkia, akamvuta, akamsema njia nzima mpaka wakafika juu.

Somoe alipokaa salama, alimtazama mwanawe, akalia. "Leo ningekuua, mwanangu. Ningekuua kwa ajili ya kaimati." Pale pale akakata shauri. Debe basi. Nitakula wanachokula wenzangu.

Mnamwonaje? Mimi namwona jasiri. Kusema "basi" mbele ya kaimati si mchezo, nyinyi wenyewe mmetokwa na mate na hata sijawaonyesha moja.

Ilikuwa kiangazi kikali. Mizambarau imekwisha, mikwaju imekwisha, majani machanga yamebaki kidogo tu. Mti uliokuwa na matunda ni mmoja, mkuyu wa mtoni. Somoe akaupanda, na kwa kuwa yeye hakujua kufanya jambo nusu, akala makuyu mpaka yakamfika kooni.

Siku ya kwanza, kichwa. Kichwa kilimgonga kama kinu kinachotwangwa. Mtoto wake alicheka tu kidogo, naye akamfokea, kisha akajuta, akambembeleza huku analia mwenyewe. Kunguru akaja akatua karibu.

"Shoga, una nini? Umekula nini?"

"Makuyu."

"Makuyu! Ndiyo hayo." Akaimba:

*Kra, kra, Somoe,*
*kuyu kali, kuyu chungu,*
*kaimati haikumuua mtu!*

"Twende debeni, shoga. Mimi nimeshinda na njaa kwa kukufikiria wewe." Mwongo mkubwa! Alishinda na njaa kwa sababu kifuniko kilimshinda. Lakini Somoe akakataa.

Siku ya pili, tumbo. Tumbo lilijaa, likanguruma, likatoa sauti ambazo sitazitaja hapa, kuna wakwe za watu wamekaa. Tumbili waliokuwa tawi la chini walihama wenyewe bila kuambiwa. Kunguru akaja tena.

"Shoga, umekula nini?"

"Makuyu."

*Kra, kra, Somoe,*
*kuyu kali, kuyu chungu,*
*kaimati haikumuua mtu!*

Somoe akakataa, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Siku ya tatu, mikono ikaanza kumtetemeka, jasho likamtoka, nguvu hana. Akawaza: mbona nilipokuwa nakula vibaya nilikuwa mzima, na sasa ninakula vizuri nakufa? Jamani, msimcheke. Lilikuwa swali la haki kabisa. Kunguru akaja, akaimba wimbo wake. Lakini mara hii hakumngoja Somoe ajibu. Aliruka moja kwa moja mpaka kwa Shomari, dume mkuu wa ukoo.

"Mzee Shomari, mna mgonjwa. Ameugua kwa makuyu. Mila yenu mnaijua wenyewe, mimi mgeni tu, kra."

Sasa mila ya tumbili wale ilikuwa hivi. Tunda likimwuguza mmoja wao, ukoo wote hupita chini ya mti, kila mmoja hutemea mate shina lake, na tangu hapo mti huo ni mwiko. Hakuna alaye tunda lake tena, hata mtoto. Wala haikuwa mila ya kijinga. Zamani mama mmoja alikula tunda jekundu asilolijua, akafa na mimba yake, ndipo wakaiweka. Imewaokoa wengi. Ila mila hiyo haikuwahi kumpata mgonjwa kama Somoe.

Shomari akawakusanya wote chini ya mkuyu. Somoe akaletwa, ameshikwa huku na huku, hoi.

Kibibi akafoka: "Tukiutemea mkuyu huu tutakula nini kiangazi hiki? Mawe? Mimi nakula makuyu haya haya, tawi hili hili. Mbona sijaugua?"

"Tumbo lako ni la chuma, wifi mtu," Kunguru akasema kutoka juu. "Msibishane bure. Mgonjwa huyu hapa. Na ale kaimati moja tu mbele yenu. Akipata nafuu, mtajua mbaya ni nani." Akaidondosha kaimati moja aliyoiokota uani kwa Bi Arafa, ina vumbi upande mmoja, na shira upande wa pili.

Somoe akaitazama. Mate yakamjaa. Akaila.

Lo! Kichwa kikaacha. Pale pale, kama kelele za nje zilizofungiwa mlango. Mikono ikatulia. Uso ukamkunjuka, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aanze.

"Mmeona?" Kunguru akapiga mabawa. "Mmeona wenyewe!"

Tumbili wakaguna. Shomari akainuka polepole, akakusanya mate kinywani. Nyuma yake ukoo mzima ukapanga mstari, wazee mbele, mama na watoto nyuma.

"Ngoja!" Kibibi akapiga kelele. Akaja akachuchumaa mbele ya Somoe, uso kwa uso. Mtoto wake Kibibi alikuwa ananyonya, anaacha, ananyonya tena, maana maziwa yalikuwa machache.

"Wifi, nakuuliza, na unijibu wewe, asinijibu huyo wa juu. Mwezi uliopita Bi Arafa alikwenda msibani, akafunga jiko, debe likakaa tupu. Wewe ulilala hapa umefungwa jani kichwani, unamfokea kila mtu. Nakumbuka, maana mimi ndiye niliyekufunga hilo jani. Siku zile ulikula kuyu?"

 

Sikilizeni hapa, wajukuu zangu. Somoe angeweza kusema, "Nilikula." Nani angejua? Mti ungetemewa, yeye angerudi debeni bila lawama, ameponywa na kaimati mbele ya ukoo mzima. Na alizitaka, msidhani hakuzitaka. Shira ilikuwa bado iko mdomoni. Juu, Kunguru alimkonyeza.

Akamtazama mtoto wa Kibibi anavyonyonya na kuacha. Akamtazama wake.

"Sikula," akasema. "Sikula hata moja. Kichwa kiliniuma vile vile, na mikono ilitetemeka vile vile. Siumwi makuyu, Mzee Shomari. Naumwa kaimati. Mwili wangu unazililia." Akaficha uso kwa viganja. "Na tumbo ni ulafi wangu, nilikula kapu zima siku moja na tumbo lilikuwa limesahau. Naona aibu, wifi. Msiutemee mti."

Mzee Shomari alisimama na mate yake kinywani, mashavu yamevimba. Akayameza. Wote nyuma yake wakayameza.

Mlidhani Kibibi alimcheka? Na mimi nilidhani. Ulimi ule ungeacha nafasi kama hiyo? Lakini alimkumbatia wifi yake, akamwambia, "Aibu ya nini? Kumbe ulikuwa unaumwa kweli, na sisi tunahama tawi!"

Jioni ile kichwa kilirudi, tena kwa hasira. Ile kaimati moja ilikuwa imemchezea tu. Kibibi akachuma jani pana, akamfunga kichwani kama siku ile. Akamnywesha maji ya mtoni. Hakumpa makuyu kapu zima, alimpa matatu tu. "Tafuna polepole. Tumbo lako ni mgeni hapa, mkaribishe taratibu." Mtoto wa Somoe akalelewa na mashangazi, ili mama yake apate kufoka peke yake. Kesho yake makuyu manne. Kesho kutwa akala kiasi chake. Kichwa kikapungua, tumbo likatulia, na asubuhi moja Somoe aliamka akatafuna kuyu, akashtuka.

"Wifi! Kuyu ni tamu!"

"Siku zote lilikuwa tamu. Ulimi wako ndio ulikuwa umekwenda safari."

Chui akaja tena, kama kawaida yake. Tumbili wote juu! Somoe akamkumbatia mwanawe. Tawi la kwanza, akaruka. La pili, akaruka. La tatu, Kibibi akageuka amshike mkia, akakuta mkia umeshampita! Somoe yuko tawi la tano anamwita: "Fanya haraka, wifi, au nikuvute?"

Na Kunguru je? Alikwenda debeni peke yake. Akasukuma kifuniko kwa kichwa, hakikutikisika. Akakirukia kwa miguu, hakikutikisika. Akapenyeza mdomo kwenye upenyo ili akibenue, kifuniko kikamkalia mdomo, naye hata "Kra!" haikutoka. Bi Arafa akatokea na upawa wa shira ya moto. Kunguru alijinyofoa akaacha manyoya ya mkia uani. Tangu siku hiyo mpaka leo anazunguka majiko ya watu, anapiga kelele, anatafuta shoga mwenye mikono.

Basi mafunzo yake ni haya. Ukiacha kitu ulichokizoea, mwili utakusumbua, na usumbufu huo usikitwike chakula kizuri kisichokuwa na kosa. Nenda nacho taratibu, vumilia, unywe maji, nafuu inakuja. Na ukimwona mwenzio anaacha, anafoka, anatetemeka, usimcheke, mfunge jani.

Umesikia, Hamida? Juzi umeacha soda na maandazi ya mafuta, na tangu jana unautukana mchicha wangu. Mchicha wangu haujakufanya kitu, mwanangu. Njoo nikukandekande kichwa.

Ngano yangu naifunika hapa, kwa kifuniko kizito. Mwenye mikono aifunue, akawagawie wengine. Mwenye mdomo mtupu, apige kra!

— Kraaa!