Wanawake Watatu na Kiwanja cha Ndege cha Bwana Bembea

Sogeeni karibu. Aliyekuja kuchekeshwa ajue mapema kwamba amekosea mlango. Hapa kuna fundo, na waliolifunga wameshindwa kulifungua.

Palikuwa na boma kando ya mbuga ya chumvi, na bomani humo waliishi wanawake watatu. Mkubwa wao alikuwa Sechelela, mke wa kwanza wa Ndahani. Wa pili alikuwa Nyemo, mke mdogo wa Ndahani huyohuyo. Wa tatu alikuwa Mwaja, dada yake Ndahani, aliyeolewa kijiji cha Chidilo ng'ambo ya mbuga. Wakwe zake wakamfukuza, naye akarudi kwao na kapu moja na ulimi wake wote. Ndahani mwenyewe alikuwepo, ila kisa hiki hakina kazi naye.

Kila mmoja alipewa chake. Nyemo alipewa masikio. Anaweza kuwa anatwanga, mchi unalia, akasema, "Yule mbuzi mweupe kanasa kwenye miiba huko nyuma," ukaenda ukamkuta kanasa kweli.

Mwaja alipewa moto. Upepo uvume utakavyo, kuni ziwe mbichi zinatoa maji, yeye alipuliza mara moja na moto ukaitika.

Sechelela alipewa nyayo. Alitembea peku juu ya ile mbuga, na kwa kukanyaga tu alijua wapi ardhi imeshikana na wapi juu ni gamba, chini ni tope la kumeza ng'ombe.

"Na mwenye kichwa humu ndani ni nani?" majirani waliwatania.

"Kichwa tulimwachia kaka yangu," Mwaja alijibu. "Mwulizeni alikiweka wapi."

Sasa ile mbuga. Masika ni ziwa, huwezi kupita. Kiangazi maji yanakauka, chumvi inapanda juu ya udongo, na wanawake wanaingia kukwangua. Wanauchuja udongo kwa maji, maji yale wanayachemsha mpaka chumvi ibaki chunguni. Kila mwanamke ana kipande chake, na alama yake ni chungu kilichofunikwa kifudifudi. Hakuna anayegusa chungu cha mwenzake, hata wakigombana mpaka kufikia kutoana macho. Na wakifiwa na mmoja wao, wote wanainua vyungu vyao. Kiangazi hicho chote hakuna anayekwangua, wala chumvi haitajwi kinywani. Mbuga inalia pamoja na wafiwa.

Sechelela hakujaliwa mtoto wa tumboni. Lakini Nyemo alipomzaa Matika, alizaa kwa shida, akaugua, na aliyemlea kile kichanga ni Sechelela. Matika alipojua kusema, alimwita Sechelela mama, na Nyemo akamwita Nyemo. Nyemo alicheka. Siku nyingine hakucheka.

Basi akaja mtu tajiri, akajenga bustani ya michezo juu ya kilima. Akaweka bembea la duara refu kuliko mnara wa kanisa, akaweka mabwawa ya kuteleza, na vigari vya watu wazima kugongana kwa makusudi. Alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini pale kila mtu alimwita Bwana Bembea. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, kisa hiki kingekuwa kifupi.

Shida yake ilikuwa barabara. Wageni walifika wamechafuka kwa vumbi na matapishi.

"Wageni wangu wanatapika njiani," alilalamika siku moja bomani kwa Ndahani, akinywa maji. "Nahitaji kiwanja changu cha ndege. Bustani kama ile bila kiwanja chake haiwezi kusimama."

Mwaja akashika kiuno. "Baba, wanakulipa uwazungushe angani mpaka watapike. Sasa wakitapika bure huko njiani si umewapunguzia gharama?"

Bwana Bembea akacheka mpaka maji yakampalia. Lakini nia yake haikubadilika. Alihitaji mahali tambarare, na tambarare zilikuwa mbili tu. Moja ni ile mbuga. Ya pili ni mashamba ya mtama ya watu wa Chidilo.

Akashuka mbugani na wapimaji wake. Mwaka huo wanawake walikuwa wamefiwa. Vyungu vilikuwa vimeinuliwa, mbuga ilikuwa nyeupe tupu mpaka macho yanachoka. Akamkuta Sechelela ameketi kivulini.

"Mama, shikamoo. Kuna mtu anafanya kazi hapa?"

Sechelela angemwelezaje, na chumvi haitajwi? Akajibu lililokuwa kweli mwaka ule.

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, baba."

Akashukuru, akaondoka. Kiangazi kilichofuata wanawake walirudi na vyungu vyao vichwani, wakakuta katapila linashindilia. Ndipo Bwana Bembea alipoelezwa, akashika kichwa. Hakubomoa, ila aliwaachia ukanda wa kaskazini, ambako chumvi ni haba na chungu kizima kinachemka kutoa kiganja.

"Ulimwambia hakuna," wanawake wenzake walimsuta Sechelela.

"Na ninyi mngemwambia nini?" aliwauliza. Hawakuacha kumtazama.

Kiwanja kikaisha, ndege ikaanza kuleta wageni. Sechelela angeichukia kwa moyo wote na mambo yakaishia hapo. Lakini Matika aliumwa na nyoka. Alikuwa anaokota kuni, kifutu kikamshika mguu. Mguu ukavimba mpaka ngozi ikang'aa. Kwa barabara ile mtoto asingefika hospitali, angefika maiti. Sechelela alimbeba mgongoni mpaka kiwanjani, na rubani hakuuliza maswali, akawapakia. Matika alirudi na mguu mmoja umekuwa mwembamba kuliko mwenzake, anachechemea, lakini anasema mpaka unatamani anyamaze. Tangu hapo Sechelela kila alipofungua mdomo kuilaani ndege, laana iligoma kutoka. Akiitazama mbuga anaumia, akimtazama mtoto anaona haya.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Ilikuwa mchana. Upepo ukaamka kutoka kusini, ukaliinua vumbi la chumvi, dunia yote ikawa nyeupe. Hukuona mkono wako. Wanawake wale watatu walikuwa kwenye meko ya ukanda wa kaskazini, wamejifunika kanga nyuso.

Nyemo ndiye aliyesimama. "Ndege," alisema.

"Ndege gani?" alisema Mwaja. "Mimi nasikia upepo na ile ngoma inayopigwa kule kwenye bembea."

"Iko juu yetu. Imepita. Inarudi. Sauti yake inachoka, dada, inakohoa. Haikioni kiwanja. Inatutafuta." Akawa anageuza kichwa huku na huku kama kuku, anaonyesha kwa kidole angani mahali ambapo hapakuwa na kitu ila weupe. "Sasa inashuka kuelekea kusini. Inataka kutua kulekule kwake."

Sechelela akaacha chungu chake motoni. Asubuhi ile alikuwa amekatiza kiwanjani akakanyaga kitu ambacho hakukipenda. Watu wa bustani walikuwa wamefungulia maji ya bwawa la kuteleza, yakashuka yakaingia chini ya kiwanja. Juu pakavu, chini uji. Ndege ikigusa pale ingezama pua, ikapinduka. Akavua ndala, akakimbia ndani ya lile vumbi akiwa haoni, anakanyaga, anaacha, anakanyaga tena, mpaka nyayo zikamwambia: hapa. Ulikuwa ukanda mrefu, mgumu kama sakafu, na ulipita katikati ya vyungu vya wanawake. "Hapa!" alipiga kelele. "Mwaja, hapa! Anza niliposimama, nifuate!" Na vyungu vilivyokuwa njiani alivipiga teke yeye mwenyewe, vya wenzake na chake. Jambo ambalo halijawahi kufanywa.

Mwaja alikuwa amekwisha kumwelewa. Penye meko palikuwa na rundo la kuni za wanawake wote, za kiangazi kizima, na magurudumu mabovu ya vile vigari vya kugongana waliyoyaokota jalalani. Aliyaburuta akimfuata Sechelela kwa sauti, akayapanga pande mbili, na katika upepo ule ambao usingekuruhusu kuwasha hata kiberiti, yeye alipiga magoti, akatumbukiza kaa la moto, akapuliza. Likashika. Akaenda la pili, likashika. Nywele zikamuungua, hakusimama. Mistari miwili ya moshi mweusi ikalala juu ya weupe, na Nyemo akapaza sauti: "Imegeuka! Imeuona! Inakuja!"

Ndege ikatokea ndani ya vumbi kama kitu kilichotupwa. Ikagusa, ikaruka, ikagusa tena, ikakimbia katikati ya mioto ile miwili, ikasimama. Vyungu vyote ilivyovikuta imevisaga.

Mlango ukafunguliwa. Wakatoka wageni wanalia, watoto wao wanalia, na rubani nyuma yao. Wa mwisho alikuwa bibi kizee mdogo, kajishikilia ushungi. Ni mama mzazi wa Bwana Bembea, aliyekuwa amekuja kuona mwanawe alichojenga.

"Kuna maji?" aliuliza.

Bwana Bembea alishuka kilimani mbio, kiatu kimoja kimemtoka. Alipomwona mama yake anakunywa maji kwenye kata, alikaa chini kwenye chumvi na suruali yake ya thamani. Kisha akasimama mbele ya kila mtu.

"Naapa kwa kichwa cha mama yangu. Aliyemwokoa mama yangu leo aniombe jambo moja, lolote, nitalifanya."

"Kichwa changu mwenyewe, na hukuniuliza?" alisema yule bibi. "Basi umeapa. Ole wako usitimize."

Sechelela alisema wa kwanza. "Kiondoe kiwanja. Turudishie mbuga yetu."

Nyemo akamgeukia kama aliyepigwa kofi. "Kiwanja kisiondoke! Ombi langu mimi kibaki, kitengenezwe vizuri, na mgonjwa wa kijiji hiki apakiwe kama mgeni. Dada, umesahau ulimbeba nani mgongoni?"

"Sijasahau."

"Basi unaomba nini?"

Bwana Bembea akauliza kama haiwezekani kugawana misimu. Wanawake walimwonea huruma. Masika mbuga ni ziwa, ndege haitui. Kiangazi ndio wakati wa ndege, na kiangazi ndio wakati wa chumvi.

Mwaja akapangusa masizi usoni. "Mnagombana nini na dawa ipo? Kiwanja kihamie kwenye mashamba ya Chidilo. Sisi tupate chumvi yetu, na mgonjwa apate ndege yake. Hilo ndilo ombi langu."

"Na watu wa Chidilo watalima wapi?" aliuliza Sechelela.

"Wifi, mimi waliponitoa nje na kapu langu hawakuuliza nitalala wapi."

"Chidilo kuna watoto pia, Mwaja. Hawakukufukuza wao."

"Na mtoto wa humu ndani je? Chagua mtoto unayemtaka."

Bwana Bembea akawatazama mmoja mmoja, uso umemshuka. "Mama zangu, nimemwapia mtu mmoja, jambo moja. Siwezi kulivunja na siwezi kuligawa. Semeni ni nani aliyemwokoa."

Kijiji kizima kikaingia ugomvini. Wengine walisema bila masikio ya Nyemo hakuna ambaye angejua kama kuna ndege. Nyayo zingebaki zimekaa na moto ungebaki jikoni. Wengine walisema kusikia mtu anakufa si kumwokoa. Aliyejua wapi pa kutua ni Sechelela, na asingekuwa yeye, ule moshi ungewaita kwenye tope. Wengine walisema rubani hakuona masikio wala nyayo, aliona moshi. Wanawake wa chumvi walisema vyungu vilivyovunjwa ni vyao, na kuni zilizoteketea ni zao, kwa hiyo hata wao wana neno. Waliambiwa wanyamaze. Hawakunyamaza.

Tangu siku hiyo kiwanja kimezibwa kwa miiba mpaka mwokozi atajwe. Ndege haitui, wageni wanatapika njiani kama zamani. Wala hakuna mwanamke anayekwangua, maana haijulikani mbuga ni ya nani. Bomani wanapika katika meko matatu. Nyemo amemhamishia Matika nyumbani kwake, na mtoto anaulizwa na watu barabarani anampenda nani zaidi. Siku chache zilizopita mzee mmoja wa Chidilo alikuja na kibuyu cha maziwa, akamwamkia Mwaja kwa adabu zote, akasema wamesikia maneno. Mwaja aliyapokea maziwa. Akaingia nayo ndani.

Watu wakachoka kubishana. Yule bibi kizee, mwenye kichwa kilichoapiwa, akasema: "Wote watatu wameshindwa kukubaliana, basi mkubwa wao ataje. Akijitaja mwenyewe, sawa. Akimtaja mwingine, sawa. Atakayemtaja ndiye, na neno limekwisha."

Watu wakakusanyika mbugani. Upande huu wanawake wa chumvi, mikono mitupu. Upande ule Nyemo, Matika amemshika kanga. Mwaja amesimama peke yake, macho yako Chidilo, ambako mtama umeiva na watu wanavuna. Sechelela alitembea peku mpaka katikati. Chini palikuwa pagumu, hapakuwa na shaka yoyote. Akamtazama Matika. Matika akataka kumkimbilia, Nyemo akambana.

"Haya, mama," alisema Bwana Bembea. "Taja."

Sechelela akafungua mdomo.

Nami kisa sikisogezi hatua nyingine, maana jina lile halikuwa jepesi kwake na sitaki liwe jepesi kwenu. Akijitaja, chumvi inarudi, na mtoto mwingine akiumwa na nyoka atazikwa. Akimtaja Nyemo, mtoto atapona, na wanawake wale watafunga safari kwenda kununua chumvi dukani, wao ambao bibi zao waliiuza. Akimtaja Mwaja, boma lote litalala vizuri, na walio Chidilo watalia bila kujua wamehukumiwa kwa kosa gani.

Wewe uliyekuwa unatikisa kichwa tangu mwanzo kama mwenye majibu, inuka tukuone. Nani alimwokoa yule bibi? Na ukishamtaja, je, utakwenda wewe mwenyewe kuwaambia wale wawili waliobaki?