Harusi Iliyowavika Heroe Rangi ya Waridi

Fumbeni macho kidogo, watoto wangu, mlione ziwa. Ni ziwa kubwa, limelala bondeni kati ya milima mikavu, na maji yake ni ya magadi, makali kiasi kwamba ng'ombe mwenye kiu huyanusa tu akageuka. Ufukweni imeganda chumvi nyeupe. Juu yamesimama mawingu meupe. Na ndani ya maji, kwa maelfu, wako ndege warefu wa shingo na warefu wa miguu, nao ni weupe vilevile, weupe wa majivu yaliyopoa. Hao ndio heroe wa zamani zile. Ungewatazama kwa mbali usingejua yupi ni ndege na ipi ni chumvi.

Miongoni mwao alikuwepo mwali mmoja aliyeitwa Rehani. Alikuwa ameposwa na kijana wa ziwa la kusini, mwendo wa siku mbili kwa mabawa. Wazee walikwisha kukubaliana, lakini wenyewe wawili hawakuwa wameonana hata mara moja. Desturi ya heroe ilikuwa hivi: asubuhi ya harusi, bwana harusi hushuka na watu wake, akapita kati ya wasichana wote waliopangwa majini, mpaka amtambue aliye wake.

Jambo hilo lilimnyima Rehani raha. Sote tumefanana kama punje za chumvi, alijiambia. Atanipita. Atasimama mbele ya mwingine, na watu wote wataona.

Somo yake, bibi aliyekabidhiwa kumfunda na kumpamba, aliitwa Bi Kidawa. Alikuwa amewapamba maharusi wengi kwa njia ile ile ya siku zote: kuwaosha, kuwalainisha manyoya na kuwanyoosha shingo. Rehani hakutaka.

"Somo, safari hii niachie mimi," alisema. "Uso ni wangu, na harusi ni yangu. Nitajipamba mwenyewe, na nguo za wapambe nitazichagua mwenyewe."

Bi Kidawa alimtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili. "Haya, mwanangu. Kinyozi hajinyoi, lakini wewe jaribu."

Basi Rehani akaanza kutafuta urembo. Kwanza alitaka wanja. Alipata tope jeusi laini kando ya mawe, akainama juu ya maji yaliyotulia ili ajione, apake machoni. Lakini kila alipoinama, mdomo ulifika kwanza. Alijaribu asubuhi nzima. Mwisho wake macho yalibaki meupe, na ncha ya mdomo ikawa nyeusi ti, isiyotoka hata kwa kusugua.

Hakukata tamaa. Kwenye pembe moja ya ziwa kulikuwa na chemchemi za maji ya moto. Maji yalitokota kutoka ardhini, na mvuke ulipanda mchana kutwa, ukaficha kila kitu. Heroe waliiogopa sehemu hiyo. Rehani alikwenda peke yake. Alipoupenya mvuke, alisimama akasahau hata kupumua. Maji yaliyokuwa mbele yake yalikuwa mekundu. Juu yao ulielea utando mwembamba, kama mafuta juu ya mchuzi, nao uling'aa kwa wekundu ambao hakuwahi kuuona popote, kwani katika dunia yake ya chumvi na majivu wekundu ulikuwa machweoni tu, na machweo hayashikiki.

Alijaribu kujipaka. Rangi iliteleza, ikadondoka. Alijaribu tena, ikadondoka tena. Mwishowe, kwa uchovu na kiu, aliinamisha shingo hadi kichwa kikapinduka, utosi chini na kidevu juu, akauchota ule utando kwa mdomo, akayaachia maji yatoke na kumeza kilichobaki. Asubuhi yake aliamka akaona ncha za manyoya yake zimeanza kuwa waridi, kidogo tu, kama shavu la mtu aliyesifiwa ghafla. Ndipo alipoelewa kwamba rangi ile haipakwi. Rangi ile huliwa, ikatoka nje polepole kupitia mwilini.

Hakumwambia mtu. Kila mchana alikwenda, akala, akarudi amejifunika tope ili asionekane. Na siku moja akawaita wapambe wake.

Kiongozi wao alikuwa Siwema, rafiki yake tangu kwenye yai, maana viota vyao vya matope vilijengwa vikigusana. Siwema na wenzake walikuja mbio, shingo zikinesanesa kwa hamu.

"Haya, tuambie sare yetu," alisema Siwema. "Rangi gani?"

"Kijivu," alijibu Rehani. "Mtajipaka tope la kijivu, kuanzia shingoni hadi mkiani."

Walitazamana. Mmoja akaguna. "Kijivu? Tunakwenda harusini au matangani?"

"Shoga zangu, ni ya siku moja tu."

"Hata siku moja," alisema mwingine. "Wakwe wakija watatupa pole!"

Wengine walicheka, lakini Siwema hakucheka. Alimsogelea Rehani akasema kwa sauti ya chini, "Mwenzangu, sisi hatukutaka kukupita. Tulitaka kufanana nawe."

"Hicho ndicho ninachokiogopa," Rehani alisema.

 Siwema akainama, akachukua tope la kijivu, akaanza kujipaka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Rehani aliona, na moyo ukamchoma kidogo, lakini alijipoza kwa kuiwaza siku ile ambayo bwana harusi angemwona kwa mtazamo wa kwanza.

Siku nne kabla ya harusi, rangi ilikamilika. Rehani aliosha tope, akatoka mvukeni adhuhuri, jua likiwa utosini.

Ziwa zima lilinyamaza. Waliokuwa wakila waliacha kula. Vifaranga waliokuwa wakilia waliacha kulia. Rehani alikuwa waridi tangu kichwani hadi mkiani, miguu imeiva kama iliyopakwa hina, na alipofunua mabawa, chini yake palikuwa pekundu kama kaa la moto.   Hakuna aliyejua kwamba ndege anaweza kuwa vile.

Kisha kivuli kikapita juu ya maji.

Alikuwa Furukombe, tai mwenye kichwa cheupe na kucha kama ndoana. Kila siku alikuwa akikaa kwenye mti mkavu ng'ambo, akiwatamani heroe. Lakini weupe wao ulikuwa ukimchanganya. Alipomlenga mmoja, huyo alizama katika weupe wa wenzake, na jicho la Furukombe halikupata pa kushika. Siku hiyo lilipata. Kati ya maelfu ya weupe palikuwa na mmoja tu wa waridi.

Alishuka kama jiwe. Rehani aliruka kando, maji yakapanda, kucha zikapita mgongoni na kuondoka na manyoya. Furukombe aligeuka, akashuka tena, hakumtazama mwingine yeyote. Rehani aliponea mvukeni.

Siku ya pili yake Furukombe alikuwa pale pale mtini. Mchana kutwa hakuondoa jicho lake kwenye mvuke.

Rehani alijiosha kwa magadi, akajisugua kwa mchanga. Rangi haikutoka. Ingetokaje, na imo mwilini? Bi Kidawa alikuja kumtazama, na hakumkumbusha habari ya kinyozi, kwa sababu alikuwa somo mwema.

"Tuahirishe harusi?" aliuliza.

"Hata tukiahirisha, Somo, yeye haondoki. Anajua niko humu. Na nikitoka, nitamleta juu ya vifaranga. Kesho kukipambazuka nitaruka peke yangu kuelekea milimani. Atanifuata mimi. Nyinyi mtapona."

"Atapona nani hapo?" ilisema sauti kutoka mvukeni. Alikuwa Siwema, na nyuma yake wapambe wote, wamejaa tope la kijivu hadi kwenye kope. "Sisi tumejizoeza kujipaka uchafu huu siku ngapi, halafu bibi harusi atoroke? Hatukubali."

Rehani alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

"Sema," Siwema aliendelea. "Rangi hiyo uliipakaje?"

Rehani aliangalia chini. Ilimwia vigumu kuliko kumkabili Furukombe. "Sikuipaka. Niliila. Ni huo utando hapo. Niliwaficha, Siwema. Niliwachagulia kijivu ili nyinyi msionekane, nami nionekane."



"Tulijua," Siwema alisema. "Si tuna macho? Sasa tuonyeshe unavyokula."

Rehani aliinamisha shingo, akakipindua kichwa. Siwema alikuwa wa kwanza kumwiga. Maji yalimwingia puani, akainuka akipiga chafya. "Kumbe mwenzetu alikuwa anakunywa mchuzi peke yake!" alisema, akainama tena. Wapambe wakacheka, wakaosha tope lao, wakainama wote.

Habari haikukaa mvukeni. Shangazi walikuja, wajomba wakaja, na kabla ya jua kutua ziwa zima lilikuwa limeinama, vichwa chini na videvu juu. Wengine walipoona ncha nyeusi ya mdomo wa Rehani wakatafuta lile tope jeusi nao wakachovya. "Hapo nilikosea tu," Rehani aliwaambia kwa aibu. Siwema alimjibu, "Kosa la bibi harusi ndiyo fasheni ya wapambe," akachovya wake.

Na rangi ikaanza kutoka. Siku ya kwanza ilikuwa kama pumzi tu juu ya weupe. Siku ya pili ilikuwa kama mawingu ya alfajiri. Asubuhi ya harusi, jua lilipochungulia juu ya mlima, lilikuta ziwa limefunikwa kwa waridi kutoka ufukwe hadi ufukwe, na inasemekana kwamba jua lenyewe lilikawia kidogo, likidhani limetanguliwa.

Rehani alitoka mvukeni akajiunga na wenzake. Furukombe alimwona akitoka, akaruka. Alipanda juu, akakunja mabawa, akashuka.

"Kulia!" Bi Kidawa aliita. Shingo zote zikageuka kulia. "Kushoto!" Zote zikageuka kushoto. "Twende!" Na maelfu ya heroe wakatembea kwa hatua moja, wamebanana bega kwa bega, wakigeuka pamoja, wakirudi pamoja, Rehani kati yao. Furukombe alimwona, kisha hakumwona. Alimwona tena, akawa ni mwingine, na huyo mwingine akawa mia. Alipanda juu, akashuka mara ya pili, akatoka mikono mitupu. Mara ya tatu bawa lake liligonga maji, nusura apinduke. Alipojinyanyua alikuwa kalowa na kuona kizunguzungu. Akaruka kuelekea ng'ambo ya mlima, asirudi siku hiyo.

Ndipo msafara wa bwana harusi ulipotokeza kutoka kusini. Ndege hao weupe walifika juu ya kilima wakasita hewani, mabawa yakipiga pasipo kwenda mbele.

"Tumepotea njia," alisema baba yake bwana harusi. "Hili si ziwa. Haya ni mapambazuko yameanguka."

 Kijana mwenyewe, jina lake Mbaruku, alishuka taratibu, kama mtu anayeingia mahali patakatifu, akaanza kupita kati ya wasichana. Alitazama huyu, akatazama yule. Alipita mbele ya Rehani na hakumjua.

"Rehani ni yupi?" aliuliza mwishowe.

"Mimi!" alijibu mmoja. "Mimi!" akajibu mwingine. "Mimi hapa, shemeji, huoni?" Na vicheko vikasambaa ziwani, Mbaruku akizungushwa huku na huku mpaka shingo ikamwuma.

Lile aliloliogopa Rehani lilikuwa limetokea: amepitwa, na watu wote wameona. Alingoja uchungu uje. Haukuja. Alitazama kulia kwake, akatazama kushoto, akaona ndege waliokubali kula kitu wasichokijua ili Furukombe asimpate. Basi akapiga hatua moja mbele ya mstari.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nimesimama na wenzangu."

Mbaruku alimtazama, kisha akalitazama ziwa lote nyuma yake. "Basi nami nifundisheni kula," alisema, na vigelegele vikapanda hadi milimani.

Na tangu siku hiyo heroe ni waridi, wake kwa waume. Tangu siku hiyo hula vichwa vikiwa vimepinduka, na ncha za midomo yao ni nyeusi. Msimu wa ndoa ukifika hujipanga, wakageuza shingo kulia na kushoto, wakatembea kwa hatua moja, na hakuna awezaye kukuonyesha bibi harusi ni yupi. Ile sare ya kijivu wapambe hawakuitaka tena, ikaachiwa vifaranga, nao huivaa mpaka watakapojifunza kula kama wakubwa wao.

Mkifika ziwani mtayaona yote hayo kwa macho yenu, na mtanyamaza, kama kila mtu anavyonyamaza. Jina la bibi harusi mkilisahau, si neno. Ila nawaomba mlikumbuke la Siwema, aliyepewa kijivu, na bado akawa wa kwanza kuinama.