Vishindo Nyuma ya Kamanda Fisi

Hapo zamani za kale, na msiulize mwaka gani maana hata waliokuwapo walishausahau, wanyama wa kijiji cha Nyasindefu walikuwa na walinzi wao, sungusungu. Kila baada ya masika matano walichagua Kamanda wa walinzi hao.

Kamanda alikuwa Fisi. Masika kumi na tano mfululizo, Fisi! Shingoni alining'iniza vitu vitatu: filimbi, kamba, na ufunguo wa mahabusu. Akipita, chakacha, chakacha, watoto wote uvunguni!

Sasa hapo kijijini alikuwapo Nguchiro. Mdogo kama mwiko, mdomo kama tarumbeta. Shule aliiacha darasa la kwanza, na mwalimu wake alikuwa Kobe. Ukimuuliza kwa nini aliacha, alijibu, "Nani kaacha? Nilimsubiri Mwalimu afike darasani, nikaota ndevu!"

Lakini wiki hiyo mzaha ulimwisha. Mama yake alikuwa mahabusu siku ya tisa. Kosa lake? Aliuliza maboga yaliyokamatwa kwa mwizi yamekwenda wapi. Basi! Na ugali aliopelekewa kila jioni ulikuwa unaishia mlangoni, tumboni mwa Fisi.

"Nikishinda Ijumaa," Fisi alimwambia Nguchiro huku akijilamba vidole, "mama yako atakaa humo hadi uchaguzi ujao. Hihihi!"

Mgombea wa pili alikuwa Bi Kanga. Nguchiro alipoanza kumwombea kura, kijiji kizima kilicheka.

"Kanga?" alisema Pundamilia. "Fisi ametuahidi mvua, bwana mdogo! Na kisima juu yake. Huyo Kanga wako ameahidi nini?"

"Hajaahidi kitu."

"Ehee! Umeona?"

"Ngoja, bwana mistari. Shingoni mwa Kamanda kuna nini?"

"Filimbi, kamba, ufunguo."

"Mvua imening'inia wapi hapo?"

Pundamilia akahesabu tena kwa kwato: moja, mbili, tatu.

"Filimbi ni ya kutuamsha hatari ikija," Nguchiro akasema. "Kamba ni ya kumpeleka mtuhumiwa barazani akasikilizwe. Ufunguo ni wa kufunga, na wa kufungua pia, mnasahau! Kazi ya Kamanda inaishia hapo. Haya, Chui alipotuvamia mwaka jana, nani alipiga kelele?"

"Kanga," Pundamilia akasema polepole.

"Na Kamanda?"

"Alikuwa... anakoroma."

Ngiri, aliyekuwa amelala topeni, akadakia, "Wewe mla mayai! Kanga akishika ufunguo, wa kwanza kuingia si wewe?"

Nguchiro akajifuta mdomo. Juzi tu alikuwa amekula mayai mawili ya Bi Kanga. Matamu, yenye kiini cha njano kama jua.

"Niingie," akasema. "Lakini nitasikilizwa kwanza, na ugali wangu hautaliwa mlangoni. Mama yangu anatoka Ijumaa. Nimeshasema!"

Akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza swali lile lile: mvua imening'inia wapi? Wote walikubali. Na wote waliogopa.

Mnajua kwa nini? Kura ya Nyasindefu ilikuwa ya mlolongo: unasimama nyuma ya unayemtaka. Wagombea huelekea jabali na kukipa kijiji mgongo, wasione nani kawakataa. Anayegeuka kabla ya hesabu kwisha, kashindwa.

Fisi naye si mjinga. Alipita kila mlango akinong'ona, "Macho yangu yatatazama jabali. Masikio je? Pundamilia, kwato zako nazijua. Ngiri, mguno wako naujua. Nyati, pumzi yako naijua. Nisipowasikia nyuma yangu, mahabusu!"

"Atatusikia, jamani," alisema Nyati. Mkubwa kama ghala, anatetemeka!

"Atawasikia kweli," Nguchiro akasema. "Mimi ndiye nitakayemsikizisha. Fungeni nyasi kwatoni. Na mimi nileteeni vibuyu viwili."

Ijumaa ikafika. Fisi akavua vitu vyake vitatu, akaviweka juu ya jiwe kama ilivyokuwa desturi. Yeye na Bi Kanga wakaelekea jabali. Msimamizi, Mwalimu Kobe, akagonga gamba lake: ko!

"Kila mmoja asimame nyuma ya anayemtaka!"

Wanyama wakanyata, nya, nya, nya, mpaka nyuma ya Kanga. Nyati alibana pumzi hadi macho yakamtoka. Nyuma ya Fisi alisimama Nguchiro peke yake.

Pakapaka! Pakapaka! Vibuyu vikapiga ardhi.

"Pundamilia huyo," Fisi akajisemea.

Hrrrgh!

"Ngiri. Vizuri."

Puuuuh!

"Nyati! Karibu, mtu wangu!"

Bi Kanga hakusikia hata unyayo mmoja nyuma yake. Akakaza macho jabalini. Hakugeuka.

Hapo Mwalimu Kobe akaanza kuhesabu. Na Mwalimu Kobe mnamjua. "Mo... ja." Akapiga hatua. Akapumzika. "Mbi... li."

Jua likapanda. Pakapaka, hrrrgh, puuuuh! Viganja vya Nguchiro vikachubuka. "Ishiri... ni na ta... no." Sauti ikamkauka. Kibuyu kimoja kikapata ufa. Akaona kama mlango wa mahabusu uko mbele yake, na mama nyuma ya mlango. Akaongeza kasi. Pakapaka! Pakapaka! Pakapaka!

"Mwalimu, harakisha!" Fisi akafoka. "Mimi nimeshasikia! Naapa mbele ya jabali hili, milolongo ilivyo ndivyo iwe. Atakayepinga, afungwe!"

"Umeapa?"

"Nimeapa!"

"Basi... hesabu imekwi... sha. Geu... keni."

Fisi akageuka. Akamwona Nguchiro, vibuyu viwili, na vumbi.

"Hrrrgh," Nguchiro akamalizia, akainama kwa adabu. "Shikamoo, Kamanda mstaafu."

"Fisi, kura moja," Kobe akatangaza. "Kanga, arobaini na sita."

"Ha!" Pundamilia akacheka. "Kumbe Nguchiro kampigia Fisi!"

Fisi akarukia jiwe. Lo! Kwato ya Nyati ilikuwa imeshafika juu ya ile kamba.

"Umeapa," Nyati akasema. Hakuwa anatetemeka tena.

"Nitawafunga wote!"

"Mahabusu inaingia watu watatu," Nguchiro akamjibu kwa sauti iliyokauka. "Chagua watatu wako, sisi wengine tunasubiri hapa."

Kijiji kikaangua kicheko, na kicheko hicho kikamsindikiza Fisi hadi nje ya kijiji, mkia katikati ya miguu.

Bi Kanga akachukua ufunguo, akaenda moja kwa moja mahabusu. Kwacha! Mama Nguchiro akatoka, mwembamba kama fito.

"Mwanangu, viganja vimefanya nini?"

"Kura, mama."

Kabla hajamkumbatia, prrriii! Kamanda Kanga alikuwa amepuliza filimbi yake ya kwanza.

"Nguchiro! Mayai yangu mawili ya juzi. Kesho asubuhi, barazani."

Ngiri akaanguka chini kwa kucheka. "Si nilikwambia!"

"Nitakuja kwa miguu yangu, Kamanda," Nguchiro akasema. "Kamba iache, viganja vinauma."

"Mayai?" mama yake akauliza, akishika kiuno. "Mayai gani hayo?"

Nguchiro akatazama mlango wa mahabusu ulio wazi, na kwa mara ya kwanza akaona hapo ndani panapendeza.

Nanyi mtakaopiga kura kesho: kabla hamjamvisha mtu ufunguo shingoni, jueni kwanza kazi ya ufunguo.