Sauti ya Bi Siwema na Mashine Tatu

Hapo zamani, si zile za fisi kuongea, zamani hizi za jirani, umeme upo Muheza ila una tabia zake, aliishi Bi Siwema, mwimbaji wa harusi. Msinicheke nikieleza mambo ya kompyuta. Shule niliacha darasa la sita, lakini ni walimu walioniomba nipumzike, nisiwamalizie maswali.

Bi Siwema aliota uvimbe kooni. Daktari akamwambia, "Tutautoa, bibi, lakini sauti itakwenda nao." Akawaita wanawe watatu, akaimba mbele ya simu mwezi mzima. Nyimbo mia tatu. Kisha akasema:

"Nikitoka hospitali sitaweza kuishi peke yangu. Nitahamia kwa yule atakayeitunza sauti yangu. Wala msinibembeleze kwa wali wa nazi."

Shemboza, kifungua mimba, fundi wa jenereta, alileta seva moja kubwa kama jokofu, akaiweka sebuleni kwa mama. "Nyumba moja, seva moja," akasema. "Ikigoma, najua pa kugonga."

Mwanamvua, mwalimu wa kompyuta, akacheka. "Na ikifa, kaka, utaigonga mpaka ifufuke?" Akaleta kompyuta ndogo tatu zilizochokwa na ofisi fulani, akaziunganisha zifanye kazi kama moja. Kila wimbo aliuweka kwenye mashine mbili kati ya tatu. Ikifa moja, mbili zinaendelea. Na hazifanyi jambo mpaka zilizo nyingi zikubaliane.

"Mashine tatu kwa mama mmoja," Shemboza akasema. "Hiyo ni seva au kamati ya harusi?"

"Kamati haifi kwa kifo cha mwenyekiti."

Hoza, kitinda mimba, muuza machungwa, hakuleta kitu. Alikaa mlangoni akimenya chungwa. "Na wewe?" wakamuuliza. "Mimi nasikiliza."

Wiki ya pili mjusi akaingia kwenye feni ya seva kubwa. Mjusi akafa, feni ikafa, seva ikapata moto, diski ikaungua. Nyimbo zote kwisha. Lakini zile tatu zilikuwa nazo, na Mwanamvua akatembea mtaa mzima kidevu juu.

Siku moja kabla ya upasuaji, Bi Siwema akaimba wimbo wa mwisho, wa kumbembeleza mtoto aliye tumboni mwa mke wa Hoza. Mwanamvua akauingiza kwenye mashine zake, kisha akaifuta simu iliyokuwa imejaa nyimbo.

Kesho yake mchana, mama akiwa hospitali, umeme ukakatika, ukarudi kwa hasira. Mashine zilikuwa tatu, ndiyo, lakini zote zimechomekwa kwenye waya mmoja wa soketi nyingi, wa bei ya dagaa. Mbili ziliungua papo hapo. Ya tatu ilibaki nzima. Mwanamvua akaiwasha, akaibembeleza. Ikaandika kwamba wenzake hawaonekani, na peke yake haifungui kitu.

"Ina nyimbo tumboni na haizitoi?" Shemboza akauliza.

"Haijui kama wenzake wamekufa au yenyewe ndiyo iliyopotea."

"Basi imesoma kupita kiasi."

Shemboza akachukua bisibisi, akaing'oa diski ya mashine ile, akaifunga kwenye gofu la seva yake aliyoitia feni mpya. Siku mbili hakuoga. Zikatoka nyimbo mia mbili, na ule wa mwisho juu yake. Mia moja ziliungua.

Siku ya tatu Bi Siwema akarudi, shingo ina bandeji, maneno yake ni ya kalamu. Alipoambiwa mia zimepotea, aligeukia ukuta. Hapo Hoza akatoa diski ndogo mfukoni.

"Nilinakili kabla ya mjusi," akasema. "Ilikuwa kwa mama mkwe, ndani ya kopo la mchele. Mia tatu zote zimo."

"Siku tatu unatuangalia tunalia, na unayo?" Mwanamvua akamuuliza.

"Mliniuliza lini, dada?"

Shemboza akasimama. "Kopo lako halina wimbo wa mwanao. Huo nimeutoa mimi, kwa mikono hii. Mama aje kwangu, kwenye seva moja na fundi wake."

"Umeutoa kwenye mashine ya nani?" Mwanamvua akasema. "Ingekuwa moja kama yako, ingeungua nao. Tatu hazikukosea, waya ndio uliokuwa mmoja. Kwangu kila moja itapata soketi yake na kinga yake."

"Mashine ngapi ili mama mmoja aimbe?" Hoza akasema, lakini polepole, maana neno la wimbo wa mwanawe lilikuwa limemwingia. "Kwangu hakuna kundi wala jokofu. Kuna nakala, na ziko mbali."

Bi Siwema amekwisha kufunga sanduku. Karatasi iko gotini, kalamu imeshikwa, na wote watatu wanataka kulibeba sanduku. Jibu mimi ninalo, tena tangu mjusi alipoingia, ila nikilitoa nitawanyima ubishi. Haya, wenzangu: Bi Siwema aandike jina la nani?